Sekunde Arobaini na Moja

Alhamisi simu iliniambia bei:
yuro kumi na nne kwa mwezi,
elfu mbili na mia moja na chenji,
nusu ya kodi ya chumba changu Kaptembwo.
Mashindano ni siku nne.
Siku nne haziuzwi. Huuzwa mwezi,
kama mtu aliyeomba kikombe cha maziwa
akaambiwa alipie ng'ombe.

Hela ya simu hawaitaki, wanataka kadi.
Nafula, tunayeuza naye bereingi na mikanda ya feni,
alinisomea nambari za kadi yake, zote kumi na sita,
polepole, kama anayetoa siri ya ukoo,
na zile tatu za mgongoni akaninong'oneza.
"Kumbuka kughairi," akasema. "Hawa hawasahau."

Baba alikuwa fundi wa magari hayo
enzi za kulala chini ya injini na tochi mdomoni.
Sasa goti la kushoto limekataa mlima.
Kasambara nzima ilipanda kilimani alfajiri
na chupa za chai, na watoto mabegani.
Yeye nikamweka barazani,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la siagi.

Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
Picha ikaja, safi, nami nikajaa
fahari ya mtu aliyelipa.

Lakini gari lilishapita.
Nyuma ya ua wa Wairegi, mita mia tatu,
tulilisikia likishuka korongoni,
na Baba akainua kidole: "Tatu. Mbili. Amechelewa kukanyaga...
amegusa jiwe. Gurudumu la nyuma, kulia."
Kwenye simu dereva alikuwa bado yuko juu, hana habari.
Nikahesabu. Sekunde arobaini na moja.
Ndipo gari lilelile likashuka korongo lilelile,
likagusa jiwe, gurudumu la nyuma, kulia,
na mtangazaji akapiga ukelele
kama mtu wa kwanza duniani kujua.

Hivyo ndivyo tulivyotazama:
sikio likitangulia,
jicho likifuata na risiti mkononi.
Watoto wa Wambaire, waliorudi kuteka maji,
wakasahau mitungi. Baba anatabiri, simu inathibitisha.
Wakaanza kuwekeana dau la miwa.

Gari la tisa, helikopta ikageuka juu yetu,
na baadaye, ndani ya kioo, nikaliona bati.
Bati letu, na kile kiraka cha kutu chenye umbo la figo,
shuka ya bluu niliyoianika asubuhi,
na vitone kadhaa barazani vimeinamia kitu kidogo.
"Ni sisi!"
Baba akapunga mkono hewani,
akiwapungia watu walioondoka kitambo.

Yuro kumi na nne
kununua paa letu wenyewe kwa sekunde tatu.
Bando likakatika hapo hapo.

Vumbi lilikuja mwisho, bila nywila,
likaketi kwenye chai, kwenye kope za Baba,
kwenye mahindi yaliyofika magotini.
Hakuna aliyelipishwa.

Jumatatu nikabonyeza Ghairi.
Una uhakika? ikaniuliza. Tutakukosa.
Je, ukipata mwezi wa pili kwa nusu bei?
Sijawahi kubembelezwa hivyo na mwanamume yeyote wa Nakuru.
Nikampa Baba simu asome mwenyewe.
Akafuta kioo kwa mkono wa sweta.
"Wakitoka hapa wanakwenda wapi?"
Ulaya, nikamwambia. Misituni, kwenye baridi.
Akanyamaza, akisugua goti.
"Basi acha mwezi mmoja.
Yale magari yameondoka na udongo wetu chini ya madigadi.
Nataka kuona wanakwenda kuuoshea wapi."